Miche Iliyokomazwa Sebuleni

Majani yalianza kugeuka manjano mwezi ule ule baba alipohamia kwangu, na mimi kwa akili zangu zote nikamlaumu mdudu.

Miche ilikuwa ya mwanangu. Alikuwa darasa la sita, na alikuwa na ugonjwa wa kupanda. Kila dumu la mafuta lililokwisha alilikata kwa kisu cha jikoni, akalitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, akalijaza udongo. Sebule yetu hapa Gongoni ni ndogo, ukiketi kwenye kochi magoti yanagusa meza, lakini yeye alipata nafasi ya madumu yake kando ya dirisha, juu ya kabati la vyombo, hata juu ya televisheni mpaka nikamkataza. Alikuwa na milimao aliyoiotesha mwenyewe kutokana na mbegu, na yale maua ya ndani yenye majani mapana yanayotambaa ukutani, aliyopewa vipandikizi vyake na mwalimu wa kwaya kanisani. Nililalamika kwa mdomo tu. Nikirudi kutoka sokoni kwenye cherehani yangu, macho yamechoka na uzi, niliketi nikatazama kijani kile na ugomvi wa wateja ukashuka.

Na ugomvi ninao. Ninashona nguo za watu, na wateja wangu wanajua kwamba ukija kunifokea kuhusu shingo ya gauni, mkasi uko mkononi mwangu. Mume wangu alinipiga kofi moja katika ndoa yetu yote. Nilimjibu kwa pasi ya mkaa, ikiwa na mkaa wake ndani, na kovu analo shavuni hadi leo huko Kigoma aliko na mke mwingine. Nikikutana naye nitamsalimia vizuri, lakini pole sitampa. Mkono huu niliutoa kwa baba. Niliujua tangu mdogo, nikaapa kitu kimoja tu maishani, kwamba hautamfikia mwanangu. Sijawahi kumpiga, hata kibao cha mgongoni. Hasira ikinipanda natoka uani, nachukua shoka, napasua kuni. Majirani wanajua kwamba wakisikia shoka saa za jioni, mtoto kakosea.

Baba alilima tumbaku upande wa Igalula tangu kabla sijazaliwa. Watu wanaosikia tumbaku wanafikiria moshi wa sigara. Mimi nafikiria kuni. Jani likivunwa linatundikwa ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia, moto unawashwa kwa nje na joto linaingia kupitia mabomba, na mtu lazima akae na ule moto usipande wala usishuke, mpaka jani zima ligeuke manjano. Manjano ndiyo furaha ya mkulima. Jani likibaki kijani au likiwa jeusi, umefanya kazi ya mwaka mzima bure. Kwa hiyo siku za kukausha, baba alikuwa mtu wa kuogopwa kuliko siku nyingine, na siku nyingine zenyewe zilitosha.

Kaka yangu alisinzia kwenye moto. Alikuwa mvulana wa umri wa mwanangu, na zamu yake ilikuwa ya alfajiri. Moto ukapanda. Baba alipofika na kusikia harufu, hakumwita, hakumtikisa. Aliokota gogo la mti wa mtundu katika kuni zile zile na kumpiga nalo mkononi, kaka akiwa bado amelala. Aliamshwa na maumivu. Mimi niliona, kwa sababu nilikuwa nimetumwa kuwapelekea uji. Mfupa ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu, na kabla kaka hajamaliza pumzi ya kwanza ya kulia, baba alikuwa amekwisha kuingia ndani ya bani kutazama majani gani yangeweza kuokolewa. Mkono ule uliungwa kijijini na umekaa upande hadi leo.

Mama alipigwa kwa chumvi, kwa mvua iliyochelewa, kwa mgeni aliyekuja bila taarifa. Alipigwa Jumamosi, na Jumapili akaenda kanisani kavaa mikono mirefu, akaimba sauti ya kwanza. Sisi watoto tulipigwa kwa mpangilio, mkubwa kwanza. Baba hakuwa mlevi. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kuuliza kama alikuwa anakunywa, ili wapate pa kuiweka ile habari. Alikuwa mtu mwenye akili timamu, mzee wa kanisa, anayeheshimiwa, na alituambia waziwazi kwa nini anatupiga. Mche usiokomazwa kitaluni, alisema, ukienda shambani jua la siku moja linaua. Alikuwa anatukomaza.

Mama alipofariki, baba akabaki peke yake na miguu yake ikaanza kuvimba. Ndugu zangu wakapiga simu zao. Kaka, aliyehamia Puge akalima mpunga, alisema atamchukua yeye, lakini mke wake alikuwa mgonjwa wakati huo. Dada yetu yuko mbali. Mimi nina nyumba mjini, karibu na hospitali, na sina mume wa kuombwa ruhusa. Nilikubali kwa sharti moja, na nililitamka taratibu ili lisipotee njiani: ndani ya nyumba yangu hakuna mkono utakaonyanyuliwa juu ya mtu. Kaka akalifikisha. Alinirudia akasema mzee amecheka, amekubali.

Basi akaja, na fimbo yake ya kutembelea, na begi, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliopewa na majirani. Mwanangu alipiga magoti kumwamkia, kama wasichana wa kwetu wanavyofundishwa, naye akampokea kwa utani wa babu na mjukuu. Akamwita mke wangu. Mke wangu, leta maji. Mke wangu, umenipikia nini leo. Mtoto akamjibu mume wangu huyu mzee sana, nitamwacha nitafute kijana, na wakacheka wote wawili. Nilisimama mlangoni nikiwa na bakuli mkononi na nikaona wivu. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo.

Wiki chache baadaye nikaona jani la chini la mlimao limekuwa manjano. Moja si kitu. Mmea mchanga huangusha majani yake ya kwanza, kila mtu anajua. Lakini likafuata la pili, na yale maua yanayotambaa yakaanza kupauka kuanzia chini, na kingo za majani zikawa kahawia na kujikunja kana kwamba mtu ameyapitisha juu ya kiberiti. Nikageuza kila jani kutafuta wadudu upande wa chini. Nikafuta majani yote kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Nikamuuliza mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, akaniambia bila kufikiri kwamba watu wa majumbani wote huua miche kwa kuizamisha maji, nimwambie mtoto apunguze maji. Nikamwambia mwanangu asimwagilie kwa muda. Hapo mambo yakawa mabaya zaidi, na mtoto akalia mezani mbele ya ugali, akasema yeye alikuwa tayari anamwagilia kidogo tu, asubuhi kabla ya shule, na anaipenda hiyo miche, na kwa nini mimi simwamini.

Nikaingiza kidole kwenye udongo, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na utulivu. Ulikuwa mkavu mpaka mwisho wa kidole, mgumu, umeachana na kuta za dumu. Juu yake kulikuwa na ukoko mweupe. Nikaulamba. Ulikuwa na chumvi kali ya ajabu, nikatema.

Nilimtazama baba. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, fimbo katikati ya magoti, na alikuwa anaitazama ile miche kwa macho ninayoyajua. Alikuwa ameridhika.

Siku iliyofuata niliondoka kwenda sokoni kama kawaida, nikarudi kabla ya adhuhuri. Madumu yote yalikuwa nje, uani, yamepangwa mistari katika jua, mstari ulionyooka kama vile vitalu vyake vya zamani. Yeye alikuwa ameketi kivulini akiyasimamia. Miguu ile iliyovimba ilikuwa imeyabeba yote, moja moja, na jioni ingeyarudisha ndani kabla mtoto hajatoka shule. Wala hakujificha nilipotokea. Alinieleza kwa subira. Kwanza alikuwa ameipa miche mbolea ya tumbaku aliyokuja nayo kwenye begi, ili isukume. Kisha akaikatia maji na kuitoa juani ili ikome kudeka. Ndivyo kitalu kinavyotunzwa. Mche wa tumbaku ukikaribia kupelekwa shambani unanyimwa maji mpaka unasinyaa, unapauka, shina linakuwa gumu. Ukiona rangi ya manjano, akasema, ujue umefika. Aliitaja ile rangi kwa Kinyamwezi, na kwa sauti ya upole ambayo hajawahi kuitumia kwa mtu.

Nikamwambia hii si tumbaku. Haiendi shambani. Itaishi ndani ya nyumba maisha yake yote, kwenye kivuli, na hakuna jua linaloisubiri popote.

"Hakuna kitu kinachoishi ndani maisha yake yote," akasema. "Wewe unamdanganya huyo mtoto."

Nikachukua shoka. Nilipasua kuni zote zilizokuwapo, kisha nikapasua kigoda. Vipande viliruka mpaka kwenye miguu yake na hakuisogeza. Alinitazama jinsi ninavyoshika mpini, na nikimtazama niliona anapenda anachokiona, nikazidi kupandwa na hasira. Mwisho nilitupa shoka chini, nikasema kwa sauti ambayo majirani walisikia kwamba katika nyumba hii hakuna kitu kinachokomazwa, si mche wala mtoto, na akigusa tena dumu moja atalala nje. Akasema nyumba ni yangu.

Kazi ya kuiokoa miche niliifanya kwa hasira ile ile, na mtoto alipotoka shule akajiunga nami. Nilipiga madumu ubavuni mpaka udongo ukatoka mzima. Nikauvunja kwa ngumi. Nikaosha mizizi kwenye beseni, nikaikata iliyokuwa nyeusi kwa mkasi wa vitambaa, mkasi ambao simruhusu mtu aukatie hata karatasi. Nikaletewa udongo mweusi wa chini ya miti ya porini, nikauchanganya na mchanga na samadi ya zamani isiyo na joto. Maji niliyaacha kwenye ndoo siku nzima ili dawa ya bomba itoke, kisha nikamwagilia mpaka yakatoka chini, nikayamwaga, nikamwagilia tena, ili chumvi yote ishuke. Nikaisogeza mbali na dirisha la magharibi. Majani yaliyokuwa manjano kabisa niliyang'oa. Yale yenye kijani kidogo nilimwambia mtoto tuyaache, kwa sababu mmea bado unakula kutoka humo. Alitaka kujua yatarudi kuwa kijani lini. Nikamwambia hayarudi. Jani lililogeuka limegeuka. Unachotazama ni lile litakalochipuka juu. Na asiongeze mbolea yoyote, na kabla ya kumwagilia aingize kidole kwanza.

Alinisikiliza huku ananawa tope mikononi. Kisha akaniuliza kama babu alikuwa anataka kuiua. Nikasema hapana, alikuwa anadhani anaisaidia. Nikaona jibu hilo limemsumbua kuliko kama ningesema ndiyo.

Ikachipuka. Milimao miwili ilikufa, lakini mingine ikatoa vijani vidogo vinavyong'aa, na ua moja linalotambaa likatoa jani lililojikunja kwa ncha, likafunguka taratibu. Nyumba ikatulia. Baba alikaa kwenye kiti chake, akala uji wake, akaitwa mume wangu, akajibu. Nilianza kufikiri kwamba uzee umemfanyia kazi ambayo sisi sote tulishindwa. Nilikuwa mjinga, lakini ujinga ule ulikuwa mtamu na niliupenda.

Siku moja mvua ilininyeshea njiani, nikafika nyumbani mapema kuliko kawaida. Kabla sijafungua mlango nilisikia fimbo. Sauti ya fimbo kwenye mwili siwezi kuichanganya na kitu kingine. Ndani, madumu yalikuwa yamepinduliwa, udongo kila mahali, maua yamepigwa mpaka yamekuwa kama mboga iliyokatwakatwa. Mwanangu alikuwa ameketi sakafuni kona ya kabati, amekumbatia mlimao mmoja, na baba alikuwa amesimama juu yake, anapiga. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anapiga kwa mpangilio, begani, mkononi, shingoni, na alikuwa anamwambia kwa Kiswahili safi, neno moja kwa kila fimbo, kwamba mke haambiwi mara mbili. Alikuwa amemwagiza aitoe miche nje ipate jua. Mtoto alikuwa amejibu kwamba mama amekataza.

Sikumbuki kuvuka sebule. Nakumbuka kiganja chake kikavu ndani ya changu na fimbo ikitoka. Nilimsukuma akaanguka kwenye kiti chake. Nikainua fimbo, na nilikuwa nimekwisha kuchagua mahali. Nilichagua mkono, mkono ule ule aliouvunja kwa kaka, juu kidogo ya kiwiko. Nilijua ungevunjika kwa pigo moja. Alikuwa mzee, mifupa imekwisha.

Aliniangalia kutoka chini. Uso wake ulikuwa na furaha.

"Piga," akasema. "Nione kama nilifundisha."

Hilo ndilo lililonizuia. Si huruma, sikuwa nayo, na sitaki mtu anipe sifa nisiyostahili. Nilimnyima tu. Nilishusha fimbo, nikaiacha ikining'inia mkononi, nikijaribu kupata pumzi, na nilikuwa namtazama yeye, sikuwa natazama nyuma yangu.

Mwanangu alichukua fimbo mkononi mwangu. Aliichukua taratibu, kana kwamba ananipunguzia mzigo, nami nikamwachia. Kisha akampiga babu yake. Alimpiga mkononi, kisha begani, kisha alipojifunika akampiga kwenye vidole vilivyojifunika. Hakulia. Alikuwa ameshika fimbo mbali kidogo na mwisho wake, kidole gumba kimelala juu, hivyo hivyo anavyoshika baba, hivyo hivyo ninavyoshika mpini wa shoka, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Baba alitoa sauti. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitoa sauti ya maumivu, sikujua hata kwamba anayo.

Nilichelewa kumshika. Ningeweza kumshika kwenye pigo la pili na sikumshika, kwa sababu nilifurahi. Furaha ile ilinijaa mpaka kooni. Nilimwona mama, nilimwona kaka na mkono wake, na nikataka aendelee. Ndipo damu ilipotoka kwenye vidole vya mzee ikadondokea kwenye udongo wa milimao, na mimi nikamkumbatia mtoto kwa nyuma, nikamnyanyua, akiwa bado anarusha mkono hewani.

Nilimfunga baba vidole kwa kitambaa. Nilimpaka mtoto mafuta kwenye alama za fimbo. Tulizoa udongo wote watatu, maana baba naye aliinama akasaidia kwa mkono mmoja. Wali ukaiva, tukala.

Sikupiga simu kwa ndugu zangu siku zile. Nilijiambia yamekwisha, wametoshana. Miche iliyobaki tuliirudisha kwenye madumu mapya, na mwanangu akaendelea kuitunza. Lakini nikaanza kuona jinsi anavyoitunza. Jani likionyesha manjano nchani tu analing'oa lote, kwa kuvuta, na ganda la shina linatoka nalo. Nikamkumbusha kwamba lenye kijani linaachwa. Akasema ndiyo, mama. Kesho yake nilikuta mlimao uliokuwa umechelewa kuchipua umeng'olewa na kutupwa kwenye ndoo ya taka, mizizi yake mizima, myeupe, haina kosa lolote. Nilipomuuliza alisema ule ulikuwa dhaifu, ulikuwa unamaliza udongo.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni na mlango uko wazi. Mwanangu alikuwa anampelekea babu uji. Alipomfikia, alinyoosha mkono kuweka kikombe mezani, na baba akainua kiwiko chake usoni, haraka, akafumba macho. Ni tendo ambalo mama alikuwa akilifanya mtu akipita karibu naye ghafla. Sote tulilifanya. Yeye sikuwahi kumwona akilifanya.

Mtoto aliona. Hakuweka kikombe. Alisimama pale na kikombe hewani, akasubiri mzee afumbue macho, kisha akasogeza tena mkono, mbele kidogo tu, bila sababu yoyote. Kiwiko kikapanda tena.

"Kunywa uji, mume wangu," akasema, na akacheka kile kicheko chao cha zamani.

Baba hakucheka. Alichukua kikombe kwa mikono miwili na uji ukamwagika magotini. Mwanangu alipita jikoni kuchukua kitambaa cha kufutia, na aliponipita nilimwona uso. Nilikuwa nimeuona uso ule kwa baba, uani, siku nilipopasua kigoda, na sebuleni, baba aliponiambia nipige. Sasa ulikuwa juu ya shingo nyembamba ya mtoto wa darasa la sita aliyevaa sare. Nilimwogopa. Kwa muda mfupi, nikiwa na mwiko mkononi, nilimwogopa mwanangu niliyemzaa.

Nikampigia kaka simu kabla uji haujapoa. Nilimwambia aje amchukue baba, mke wake ameshapona, zamu yake imefika. Aliuliza kuna nini. Nikasema amempiga mtoto. Hilo lilikuwa kweli, na lilitosha. Nikasikia kuku huko Puge, kisha kaka akasema atatafuta gari.

Alikuja na gari la rafiki yake. Alitaka kuona alama, nikamwonyesha ile ya shingoni iliyokuwa bado haijafutika, akageuza uso. Alizungumza na baba kwa heshima, akamwamkia, akamsaidia kuvaa viatu kwenye ile miguu, kwa mkono wake uliokaa upande. Vile vidole vilivyofungwa kitambaa aliviona, akaniuliza kwa macho. Nikasema alianguka.

Tulipofika mlangoni mwanangu alikuwa amesimama njiani. Alishika sketi yake kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Mjomba, mwache babu abaki," akasema. "Nitamtunza mimi."

Kaka alisimama. Aliweka kiganja kichwani mwa mtoto. Aliniambia nimshukuru Mungu kwa mtoto wa namna hii, amepigwa vile na bado anasamehe, moyo kama huu katika ukoo wetu hatukuwahi kuwa nao. Aliniuliza kama sina njia ya kufikiri upya.

Ndugu zangu hadi leo wanasema nilimfukuza mzee kwa sababu ya alama shingoni mwa mtoto, na mtoto mwenyewe alimlilia abaki, na kwamba mimi ndiye niliyerithi roho ya baba. Nawaacha waseme. Nilimsogeza mwanangu pembeni kwa bega, nikamwambia kaka awashe gari, nikageuka kumshika baba mkono nimteremshe ngazi. Hakuwapo. Alikuwa amepenya kando yetu tukizungumza, akateremka peke yake bila fimbo, kwa miguu ile mibovu, na tulipotoka nje tulimkuta amekwisha kuingia kwenye gari na kufunga mlango, anamhimiza kaka waondoke.